Kabla ya Kubisha Hodi: Mwongozo wa Kutafiti Maisha ya Wakimbizi Mjini, Pamoja na Wakimbizi Wenyewe

Jumapili mchana, ibada zinapotoka, mitaa ya Kayole, Umoja, Githurai na Kasarani jijini Nairobi hujaa Kiswahili cha Uvira na Bukavu. Mama anaita kwa Kiswahili cha Kongo, mtoto anajibu kwa Sheng', na wazee wawili kando ya lango wanamalizana kwa Kifuliru. Ukitaka kujua mkimbizi anavyogeuka kuwa mtu wa hapa, anzia hapo. Lakini ukifika na fomu mkononi, utaulizwa swali kabla hujauliza lako. Mimi niliulizwa na mama mmoja anayetembeza vitenge: "Ule mwingine alikuja na makaratasi, maneno yetu alipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimejifunza kufanya utafiti kwa namna ambayo swali hilo lina jibu, na hayo ndiyo ninayokuandikia hapa. Namwandikia mwanafunzi wa chuo, mfanyakazi wa shirika, na zaidi mkimbizi mwenyewe anayetaka kutafiti maisha ya watu wake. Mifano ni ya Wakongo wa Nairobi kwa sababu ndio ninaowafahamu. Aliye Kampala au Dar es Salaam atabadilisha majina ya mitaa na ya ofisi, mengine yatamfaa.

Utafiti shirikishi maana yake ni kwamba wanaotafitiwa wana kauli katika kuchagua swali, kukusanya majibu, kuyafasiri na kuamua yatumike vipi. Usidhani ni jambo lililoletwa juzi na wafadhili. Miaka ya 1970, mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz na wenzake walifanya kazi ya namna hii na wanavijiji wa Bagamoyo katika mradi ulioitwa Jipemoyo. Wasomi wa mabara mengine walijifunza kutoka kwao. Tunapofanya hivi na wakimbizi leo, tunaendeleza kazi iliyopata mizizi yake huku kwetu.

Hatua ya 1: Jifunze kwanza kwa nini watu wanaogopa

Kwa mkimbizi wa Nairobi, mgeni anayebisha hodi na kalamu si jambo dogo. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 amri hiyo ikafutwa. Hata hivyo, Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kukagulia hati. Wapo Wakongo ambao siku hizo walijifungia ndani wiki nzima. Ukiuliza "mko wangapi humu ndani?" katika wiki yako ya kwanza, kuna anayesikia sauti ya 2014.

Jifunze pia hali ya sheria ilivyo sasa, kwa sababu ukionekana umesoma utaulizwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, ila kibali chenyewe, kile cha daraja la M, hakipatikani kwa urahisi. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanapata huduma pamoja, na mkimbizi wa Kayole atakuuliza mpango huo unamgusaje yeye. Usibahatishe. Ambalo hulijui sema hulijui, kisha umpeleke kwa wakili wa msaada wa kisheria.

Hatua ya 2: Nenda bila fomu

Tenga miezi miwili au mitatu ya kwenda mtaani bila kuandika chochote. Najua mfadhili atanung'unika. Mwambie kwamba muda huo ndio msingi, na nyumba isiyo na msingi haipandi ghorofa.

Nenda kanisani, na usikilize matangazo mpaka mwisho, maana hapo ndipo utajua nani amefiwa, nani mtoto wake amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, nani amepata tarehe ya kusafiri. Kaa kwenye saluni. Tembea asubuhi moja na kina mama wanaotembeza vitenge uone wanavyochagua njia ya kuwakwepa kanjo, yaani askari wa kaunti. Ukialikwa chakula, kula. Sombe ya Kikongo yenye mawese ni mlango wa mazungumzo ambao hakuna barua ya chuo inayoweza kuufungua.

Wanaoanza kazi hii hujikwaa sana kwenye suala la uongozi. Wataonyeshwa "mwenyekiti wa wakimbizi", watafurahi, na kila kitu kitapitia kwake. Jamii ya Wakongo si moja. Kuna Wabembe, Wafuliru, Washi, Wanyamulenge na wengine, na baadhi yao wamezikimbia vita walizopiganishwa wao kwa wao huko Kivu Kusini. Ukiingia mtaani ukiwa umeshikwa mkono na mtu wa kabila moja, wa kabila jingine watakusalimia vizuri sana na hawatakuambia kitu. Niliwahi kupoteza mwezi mzima namna hiyo. Watu walikuja mikutanoni, walijibu, walishukuru, na majibu yote yalifanana. Ni pasta mmoja aliyenivuta kando akaniambia, "Papa, hapa watu wanajibu yule aliyekuleta."

Kwa hiyo tafuta milango zaidi ya mmoja: kanisa la huku na la kule, chama cha kina mama, timu ya mpira ya vijana, mwalimu, fundi nguo. Wasio na kiti cha uongozi watafute kwa makusudi. Mjane, kijana aliyekuja peke yake, mlemavu na mama mwenye mtoto mchanga hawaji mikutanoni. Utawakuta nyumbani, na utafika huko tu kama kuna jirani aliyekubali kukusindikiza.

Yapo pia mashirika yaliyoanzishwa na wakimbizi wenyewe. YARID ya Kampala, kwa mfano, ilianzishwa na vijana wa Kikongo mwaka 2007. Kama mtaani kwako lipo la namna hiyo, waombe wawe washirika tangu mwanzo, wenye sauti juu ya bajeti. Usiwafuate mradi ukiwa umeshaandikwa, unatafuta mtu wa kukukusanyia watu.

Hatua ya 3: Tungeni swali pamoja

Nilipoanza nilikuja na swali langu juu ya msongo wa mawazo. Kina mama walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Mawazo tunayo, lakini ungetuuliza kwanza yanatoka wapi." Yalitoka kwenye kodi ya nyumba, kwenye vyeti vya shule vya Kongo ambavyo waajiri wa hapa hawavitambui, na kwenye simu inayosubiriwa kuhusu kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kama Marekani au Kanada. Tulibadilisha swali. Tukauliza: nini kinakusaidia kulala usiku hapa Nairobi, na nini kinakunyima usingizi? Swali hilo lilikuwa lao, na walilijibu kwa moyo mmoja.

Namna rahisi ya kufika huko ni hii. Keti na watu wanane hadi kumi, wanawake kivyao na wanaume kivyao. Wachore ramani ya mtaa wao kwenye karatasi kubwa: wapi wanajisikia salama, wapi wanapita haraka, wapi hawapiti kabisa. Kisha waorodheshe mambo yanayowasumbua, na kila mmoja apewe maharagwe kumi ayagawe kwenye mambo hayo kadiri anavyoona uzito wake. Asiyejua kusoma anagawa maharagwe sawasawa na mwenye digrii. Mwisho waulize kwa nini rundo lile ni kubwa kuliko lile, na hapo unyamaze usikilize.

Wasomi wana orodha zao. Mwaka 2008 Alastair Ager na Alison Strang waligawa utangamano katika maeneo kumi: kazi, nyumba, elimu na afya, uhusiano na watu wa kwenu, na majirani wa jamii nyingine, na taasisi za dola, lugha na mila za mahali, usalama na utulivu, na chini ya yote, haki na uraia. Ni orodha nzuri ya kukagulia kama kuna mlichokisahau, lakini itoe mfukoni baada ya maharagwe.

Wakenya nao wahusishe. Kuishi pamoja kuna pande mbili, na jirani wa ploti, mwenye duka na mwalimu wa shule ya mtaani wanajua mambo ambayo mkimbizi hayaoni. Aidha, mtaa wa maskini wenye wakimbizi ni mtaa wa Wakenya maskini pia. Ukiwapita mlangoni kila siku kwenda kwa jirani yao, unapanda chuki ambayo mkimbizi ndiye atakayeivuna ukishaondoka.

Hatua ya 4: Vibali na pesa

Kwa Kenya, anza na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha Idara ya Huduma za Wakimbizi, halafu ujitambulishe kwa chifu na mzee wa mtaa. Tanzania utapitia COSTECH, tume ya sayansi ya huko, na kambini hutaingia bila ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Uganda ni UNCST, baraza lao la sayansi. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaweza kukuhusu hata kama una daftari tu.

Kwenye bajeti weka mambo matatu ambayo husahauliwa: malipo ya watafiti wa jamii, mtu wa kukaa na watoto wakati mama zao wanazungumza, na gharama za kurudisha matokeo. Mtafiti wa jamii apewe mkataba na ujira wa kazi. Kumwita mtu "wa kujitolea" huku wewe unalipwa mshahara ni dhuluma, hata ukimnunulia soda. Uliza mapema pia kama laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina lake. Wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki Mkenya, na malipo yanayopita mkononi mwa mtu wa tatu huzaa maneno.

Hatua ya 5: Watafiti wa jamii

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu aliyekula njaa ile ile, aliyepanga foleni ile ile ya karatasi, husikia jambo ambalo wewe ungelipita. Chagua watu sita hadi wanane, wanawake na wanaume, wa makabila na makanisa tofauti, na angalau mmoja awe Mkenya wa mtaa huo. Usidai vyeti. Dai mtu anayejua kusikiliza na asiyepeleka maneno.

Kutopeleka maneno kuna uzito hapa kuliko kwingine, maana mtafiti na anayetafitiwa wanachota maji bomba moja. Wiki nzima ya mafunzo itumie kwa kuigiza. Mmoja awe jirani anayeuliza, "Jana ulikuwa kwa mama yule, alikuambia nini?" Mwingine ajifunze kujibu bila kuvunja ujirani. Kila mshiriki naye aulizwe kama angependa kuzungumza na mtu wa kwao au wa mbali. Kuna mambo, hasa ya ubakaji vitani na ya ndoa, ambayo mtu humwambia mgeni asiyemjua kabisa lakini hawezi kumwambia jirani.

Watafiti hawa nao wana majeraha. Kila Ijumaa wakutane, pasipo daftari, wazungumze walivyosikia moyoni. Anayehitaji kupumzika apumzike na malipo yake yaendelee.

Hatua ya 6: Pimeni maneno

Watu husema, "Wote wanazungumza Kiswahili, hamna haja ya kutafsiri." Hapo ndipo utafiti mwingi unapoharibika kimyakimya. Chukua neno *bibi*. Mkongo akisema anaishi na bibi, yuko na mke wake. Mtanzania akisikia hivyo ataandika kwamba mtu huyu analelewa na nyanya yake. Chukua *ustawi*, neno tunalolipenda sana kwenye mapendekezo ya miradi. Waliopitia Tanzania wanalijua kama jina la ofisi, ustawi wa jamii, na wengine hawalijui kabisa. Usiulize "ustawi wako ukoje?" Uliza maisha mazuri hapa ni yapi, na mtu aliyezoea hapa unamjuaje. Mtasikia majibu mazuri kuliko neno lenyewe: ni yule anayekopeshwa unga dukani, yule ambaye watoto wa Wakenya wanakuja kuchezea mlangoni kwake.

*Mawazo* nalo lina mtego. Shuleni ni fikra na maoni. Mtaani mtu akisema "nina mawazo" anasema anaumia. Ukimuuliza mama "una mawazo gani kuhusu shule ya watoto?" anaweza kuanza kulia, na hujui umegusa nini.

Neno hatari kuliko yote ni *mahojiano*. Mkimbizi amehojiwa alipoingia nchini, akahojiwa kuthibitisha ukimbizi wake, na akipata bahati atahojiwa tena kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Katika mahojiano hayo, kukosea tarehe moja kunaweza kugharimu miaka. Ukimwambia umekuja kumhoji, atakupa ile hadithi aliyoipeleka ofisini, neno kwa neno, na atakuwa na haki kufanya hivyo. Sema *mazungumzo*, na yawe mazungumzo kweli.

Kama mtatumia vipimo vinavyojulikana, mfano PHQ-9 yenye maswali tisa ya sonona au WHO-5 yenye maswali matano ya hali njema, msichukue tafsiri iliyopo mkaitumia hivi hivi. Msomee mtu swali, kisha mwombe alirudie kwa maneno yake. Watu watano wakilirudia kwa namna tano, swali limeharibika. Swali la mwisho la PHQ-9 linagusa mawazo ya kujiua. Msiliulize kabisa kama hamjapanga nani atampokea mtu huyo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Ridhaa ya kweli

Fomu ya kurasa nne ni ngao ya chuo, mtu haimsaidii. Kusaini nako kunatisha. Omba kamati ikuruhusu ridhaa ya mdomo, na useme maneno mepesi kama haya:

"Mimi si wa serikali wala si wa UNHCR. Nataka tuzungumze juu ya maisha ya hapa mtaani, kama saa moja. Kuzungumza nami hakutakupeleka Marekani wala Kanada, na kukataa hakutaharibu kesi yako. Swali usilolitaka, sema tupite. Ukitaka tuache tunaacha, na nauli yako unaipata. Jina lako siliandiki."

Sema hayo mwanzoni, katikati na mwishoni. Habari ya kesi hasa irudie, kwa sababu tumaini huwa halisikii mara moja. Kila mara atakuwepo atakayekuita kando akuonyeshe bahasha yake ya karatasi. Usimfukuze, wala usimpe moyo wa uongo. Mwelekeze kwa wanaohusika, na siku yako ya kazi iwe na nafasi ya mambo hayo.

Hatua ya 8: Mazungumzo yenyewe

Usimwambie mtu akusimulie yaliyompata Kongo. Kama si lazima kwa swali lenu, na mara nyingi si lazima, acheni. Anza na leo: watoto, kazi, jirani, mlo wa jana. Akifika mwenyewe kwenye vita, msikilize, usimkatize, usiulize zaidi. Akilia, weka kalamu chini. Mpe maji, ngoja, kisha muulize kama anataka kuendelea, kupumzika au kuacha. Usimalize mazungumzo kwenye machozi. Mrudishe taratibu kwenye jambo la kesho, hata kama ni kuuliza sombe inatwangwa namna gani. Mfukoni uwe na orodha ya mahali pa kumpeleka: kliniki, mshauri nasaha, wakili. Piga simu zote za orodha hiyo kabla hujaanza kazi, uhakikishe zinapokewa.

Wengine huwapa watu jukumu la kupiga picha za maisha yao kwa simu. Inafaa sana kwa vijana. Kubalianeni kwanza: hakuna sura, hakuna namba ya nyumba, hakuna hati.

Hatua ya 9: Someni majibu pamoja

Majibu yakishakusanywa, kuna kishawishi cha kuyabeba kwenda chuoni. Yalete mezani kwanza, majina yoyote yaliyotajwa yakiwa yameondolewa. Sisi tuliona kwamba kina mama wengi hawapeleki watoto kliniki, tukaandika kwamba sababu ni pesa. Watafiti wa jamii wakatikisa vichwa. Pesa ilikuwepo kidogo, walisema, ila pale dirishani jina likiitwa watu wote hugeuka kumtazama mwenye jina geni, na mama akijibu kwa lafudhi ya Kongo, foleni nzima inajua yeye ni nani. Sababu ilikuwa aibu ya kuitwa kwa sauti. Dawa yake ni namba za foleni. Bila kikao kile, tungependekeza msaada wa pesa na dirisha lingebaki vilevile.

Wakati mwingine hamtakubaliana. Andika tofauti hiyo kwenye ripoti kama ilivyo, upande huu wanasema hivi, upande ule vile.

Hatua ya 10: Rudisha

Matokeo yarudi mtaani kabla hayajachapishwa popote. Yakirudi mapema, watu bado wana nafasi ya kusema "hili litoeni, litatuponza." Litoeni kweli. Kuna habari za njia wanazopita kukwepa kukamatwa ambazo zingependeza sana kwenye jarida, na mahali pake ni kaburini.

Ripoti ndefu hawataisoma. Rekodi sauti ya dakika tano kwa Kiswahili chao itumwe kwenye makundi ya WhatsApp, maana itawafikia hata walioondoka mnapoandika na sasa wako ng'ambo. Andika ukurasa mmoja kwa chifu, mwingine kwa mkuu wa kliniki, na uwaalike waje wausikie mbele ya watu. Watafiti wa jamii wanaotaka majina yao yawe kwenye ripoti, yawekwe kama waandishi, si kwenye mstari wa shukrani. Asiyetaka aachwe.

Mkutano wa kurudisha uwe Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada. Anayesoma matokeo awe mtafiti wa jamii, wewe ukae kwenye benchi na wengine. Lipia ukumbi mpaka saa kumi na mbili, kwa kuwa baada ya matokeo watataka kujua nani atakwenda kliniki kuuliza habari ya zile namba, na lini.